Muhuri Uliokaa Eda

Kwa: Mzee Swalehe bin Athumani,
Mwenyekiti wa Kijiji cha Isawi (katika uhai wako),
Makaburini, nyuma ya msikiti.

Yah: Ombi la ruhusa kwa mjane wako, Bi. Mwanaidi, kusimama katika uchaguzi wa mwenyekiti wa kijiji

Mzee wangu, shikamoo.

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi Mohamedi Salimu, ambaye katika uhai wako nilikuandikia barua zote zilizotoka ofisini kwako, ninakuletea barua hii kwa madhumuni ya kuomba uamuzi. Ninatambua kwamba ulipo hupokei barua. Ninatambua pia kwamba watu wa hapa wakijua nimeandika watapata cha kusemea msimu mzima. Lakini nimetumwa, na aliyenituma ni mkeo, nawe mwenyewe unajua kwamba akimtuma mtu harudii.

Naomba uniwie radhi kwa mwandiko. Nimekaa barazani tangu adhuhuri, upepo wa Julai unavuta karatasi, nimezikandamiza kwa jiwe na bado zinataka kuondoka. Nimesimama, nimekaa, nimezunguka nyumba kama mtu anayetafuta kuku. Mama Salimu amenitazama mpaka akachoka, akauliza, "Baba Salimu, barua gani hiyo inayokutoa jasho wakati wa baridi?" Nikamjibu kwamba ni ya kiofisi. Akasema, "Haya," kwa namna ile ambayo haimaanishi kwamba ameamini.

Taarifa ya hali ya kijiji tangu ulipotutoka ni kama ifuatavyo. Uwele umevunwa, si haba, ingawa wa Kitongoji cha Juu uliliwa sana na ndege. Msikiti umewekewa bati jipya upande uliokuwa ukivuja. Ng'ombe wako mweupe amezaa jike. Kiti chako cha ofisini hakuna aliyekikalia. Hata Mzee Hasani, ambaye halmashauri ilimteua akaimu nafasi yako, alikuja na kigoda kutoka nyumbani kwake. Na mimi, nikipita njia ya kwako asubuhi, mguu unakata kona wenyewe kuelekea mlangoni, halafu ninasimama pale kama mtu aliyesahau alichotumwa. Watu wanapita na majembe yao, wananisalimu, ninaitikia, na bado sijui niende wapi.

Naomba radhi. Hilo halikuwa sehemu ya taarifa.

Mintarafu suala la muhuri. Utakumbuka kwamba muhuri wa kijiji ulikuwa ukiuweka nyumbani, katika sanduku la mbao chini ya kitanda chako, pamoja na kidau cha wino, kwa kuwa ofisi haina kufuli la kuaminika. Siku ya mazishi hakuna aliyeufikiria. Kina mama walimwingiza Bi. Mwanaidi chumba cha ndani, akavaa nguo za eda, mlango ukaegeshwa, na sanduku likabaki humo humo.

Matanga yalipokwisha, Mzee Hasani alimtuma binti yako Hadija akauchukue. Hadija alirudi mikono mitupu. "Mama anasema alichokiacha marehemu chumbani hakitoki mpaka atoke yeye." Wazee wakatazamana. Ni mwanamume gani ambaye angeingia chumba cha mjane aliye edani na kupekua chini ya kitanda? Wakaenda kwa Imamu. Imamu aliwaambia waziwazi kwamba hakuna mahali popote katika sheria ambapo kipande cha mpira chenye mshikio wa mti kinakaa eda. Wakafurahi. Kisha akaongeza, "Lakini mkitaka niwatume mkavunje mlango wa mjane, mtafute imamu mwingine." Furaha ikaishia hapo.

Tangu siku hiyo lilizuka kosa ambalo sidhani kama kijiji kingine chochote cha wilaya hii kingelifanya. Watu walianza kusema kwamba kijiji kiko edani. Mwanzoni ilikuwa mzaha wa vijana wa kwenye kahawa. Baadaye mabalozi wakaanza kukataa kusuluhisha ugomvi. "Nendeni, mtarudi eda ikiisha," wanasema, tena kwa uso mkavu kabisa. Mikutano haikuitishwa. Mtu akitaka barua ya kusafirisha ng'ombe kwenda mnadani anaambiwa avumilie, msiba bado mbichi. Nilipoona mambo yanaelekea huko nilisimama penye kahawa, nikasema kwa sauti: "Waheshimiwa, eda ni ya mke. Kijiji hakikuolewa na Mwenyekiti." Jumanne fundi baiskeli, unaujua mdomo wake, alinijibu hata kabla sijakaa: "Sasa mbona ametuacha wajane, Bwana Yah?"

Walicheka mpaka mwenye birika akaliweka chini. Jina hilo la Bwana Yah wewe ulilikataza lisitamkwe mbele yako. Ulisema mtu aliyejifunzia kusoma kwenye darasa la watu wazima, na mikono ina matope ya jembe, hawezi kuchekwa na mtu aliyetoroka darasa la tatu. Sasa hakuna anayelikataza. Nimeshalizoea, lakini nilitaka ujue.

Kijana Katibu Kata naye alikuja kutukumbusha taarifa ambazo hazikupelekwa. Mimi nilikuwepo, kwa hiyo ninaweza kuyaeleza mazungumzo hayo kama yalivyokuwa. Alisema, "Kama muhuri hamnao, tengenezeni mwingine." Mzee Hasani akamjibu kwamba aliambiwa wilayani mwingine hautengenezwi mpaka wa zamani utangazwe polisi kuwa umepotea. "Basi tangazeni umepotea." "Haujapotea." "Uko wapi?" "Uko edani." Kijana aliweka kalamu yake chini taratibu, akatutazama mmoja mmoja, akaomba maji ya kunywa.

Ningecheka, Mzee wangu, kama nisingejua kwa nini Mzee Hasani ana haraka na muhuri.

Nifike sasa kwa yule mfanyabiashara wa Makole, mwenye duka na lori, ambaye watu wetu humwita Bwana Vitunguu. Ulimpokea mara moja ulipokuwa mgonjwa, ukampa chai, ukamwambia akusubiri upone. Hakusubiri. Anataka Bonde la Chini, lote, kuanzia penye mchanga hadi kwenye miembe ya misheni ya zamani. Anasema sasa ni ruksa, kila mwenye nguvu afanye kazi, serikali yenyewe imechoka kubeba watu mgongoni. Atalima vitunguu mwaka mzima. Atafunga pampu kwenye mchanga wa korongo. Mzee mmoja alimuuliza maji atayapata wapi, naye akajibu kwamba maji ni ya Mungu, ila pampu ni yake. Wengine walipiga makofi. Nimeona kwa macho yangu, walipiga makofi.

Wewe huhitaji kuelezwa, lakini kwa kuwa barua inapaswa kujitosheleza naeleza. Mwezi wa kumi, visima vyote vikiwa vimekauka, Kitongoji cha Chini kizima kinafukua mchanga wa korongo lile kwa vibuyu na mabakuli na kungoja maji yajikusanye. Wafugaji nao wananywesha hapo. Pampu moja inayowaka asubuhi mpaka jioni itayafikia maji hayo kabla ya bakuli. Huo ndio ubishi wote. Karatasi ya kumkabidhi bonde imekwisha pigwa taipu mjini, Mzee Hasani ametia sahihi yake kama kaimu, na mahali pa muhuri pameachwa wazi, duara limechorwa kwa penseli. Bila muhuri, wilayani hawaipokei.

Kwa hiyo nilimwendea mkeo mwenyewe.

Nilisimama nje, upande wa jikoni, penye kidirisha kilichozibwa kwa gunia. Hadija alikaa katikati akimenya karanga, ili pasiwe na neno. Nilikuwa nimeandaa maelezo yangu kwenye karatasi, nikayasoma yote: kwamba kwa mujibu wa taratibu muhuri ni mali ya serikali ya kijiji, kwamba haurithiwi, haukopeshwi wala hauwekwi rehani, na kwamba namwomba kwa heshima na taadhima aukabidhi. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Umemaliza, shemeji?"

Nikasema nimemaliza.

"Wakiupata leo wataugonga wapi?"

Nikasema, kwenye karatasi ya Bonde la Chini.

"Na wewe unataka waugonge?"

Nikasema sitaki.

"Sasa umekuja kuudai wa nini?"

Nikasema, kwa sababu ni utaratibu. Nikamsikia anacheka, Mzee wangu. Kicheko cha kwanza ndani ya nyumba ile tangu tulipokuzika. Hadija naye aliinamisha kichwa juu ya karanga zake, mabega yakitikisika. Nilisimama pale na karatasi yangu, nisijue kama nimetukanwa au nimekaribishwa.

Kwa kujitetea nikasema kwamba wewe usingekuwa na pupa, kwamba jambo zito kama hili ungesema, kama ulivyosema siku zote, "Hilo tulilaze kwanza." Akasema, na hapo sauti haikuwa ya kicheko tena: "Wewe, Mohamedi, ulipokuwa ukimsikia anasema tulilaze, ulidhani linalala wapi?"

Nilirudi nyumbani siku ile nikiwa nimebeba swali hilo kama gunia la mawe, na mpaka leo sijalitua. Nimezipitia asubuhi zetu zote kichwani. Ile ya mabua, wafugaji walipoingiza ng'ombe kwenye mashamba yaliyovunwa uwele kabla ya wenyewe kuondoa karanga: jioni uliwaka, ukasema wafukuzwe wasionekane tena, ukaniambia niandae barua. Asubuhi nilipofika na kalamu ulikuwa umetulia kama maji ya mtungini. Ukasema, hapana, watalipa kwa kunywesha baada ya kina mama kuchota, na watatuletea samadi. Kijiji kizima kilikusifu. Mimi nikaandika, "Baada ya kutafakari kwa kina." Maneno hayo nimeyaandika katika barua zako nyingi mno, tena kwa fahari, nikidhani ni wewe na mswala wako wa alfajiri. Sikujua ninamwandika nani.

Sikuandikii haya kwa lawama. Mtu kumwuliza mkewe si kosa. Laiti na mimi ningemwuliza wangu mara nyingi zaidi. Ila ninahangaika. Ninajiuliza, ni nani niliyekuwa nikimtumikia miaka yote ile? Uliporudi na mkoba mpya kutoka mkutano mkubwa wa chama kule Chimwaga na ukanikabidhi kalamu yenye kifuniko cha dhahabu ya bandia, ulisema, "Hii ni kwa sababu bila wewe mimi sisomeki." Niliyaweka maneno hayo moyoni kama cheti. Sasa najua mlikuwa wawili kabla yangu, mimi nikiwa wa tatu. Nilikuwa nikiyapamba maneno yaliyokwisha pikwa.

Naendelea na taarifa.

Eda iliisha. Alioga, akabadili nguo, na wakati majirani walikuwa wakimsubiri sebuleni na uji wa pilipili manga, yeye alijifunga kanga ya pili juu ya kichwa akashika njia ya ofisini. Halmashauri ilikuwa imekaa. Bwana Vitunguu alikuwa nje, kwenye kivuli cha lori lake, anatafuna muwa. Bi. Mwanaidi aliwaamkia wazee, "Shikamooni," wakaitikia kwa pamoja kama watoto wa madrasa. Akafungua pindo la kanga, akautoa muhuri, akauweka mezani, na kidau cha wino kando yake.

"Amana yenu hii," akasema. "Marehemu hakuondoka nayo."

Mzee Hasani alinyoosha mkono.

"Kabla hujagonga, baba. Mimi nauliza tu, maana nimekaa ndani muda mrefu na mengi yamenipita. Pampu ikiwaka, Kitongoji cha Chini watachota wapi mwezi wa kumi?"

Mzee Hasani alitazama karatasi. Akalitazama lori kupitia dirishani. Akatutazama sisi, na mimi, Mungu anisamehe, niliinamia muhtasari wangu kama ninayeandika kitu. Watu walikuwa wamejaa madirishani na mlangoni. Hatimaye akakohoa, akasema, "Hilo... hilo tulilaze kwanza."

Kicheko kilichotoka pale, Mzee wangu, nadhani ulikisikia huko uliko. Ng'ombe wa jirani walikurupuka. Jumanne, ambaye kumbe alijua kabla yangu mambo yako yalilala wapi, alishika kichwa akisema, "Hasani, na wewe una kitanda?" Na katika kicheko hicho hicho, kutoka kwenye kundi la kina mama waliokuwa nje ya mlango, mtu, sikumwona ni nani, alisema, "Muhuri ubaki naye." Mwingine akaitikia, "Ubaki." Kisha wengi. Mkeo aliduwaa. Mimi namjua mtu anayeigiza na mtu aliyeshtuka, yeye alishtuka. Aliondoka bila kuaga, na muhuri ukabaki juu ya meza bila mtu wa kuugusa, mpaka Katibu Kata alipouchukua, akausainia, akasema utakaa kwake hadi kijiji kichague mwenyekiti kihalali.

Uchaguzi ni Jumamosi hii. Majina hupelekwa mapema kwa Katibu Kata, au hutajwa mkutanoni siku ile ile. Mzee Hasani anasimama na hafichi kitu. Anasema akichaguliwa, karatasi itagongwa kabla jua halijazama. Lori la Bwana Vitunguu linabeba watu bure kwenda mnadani na kuwarudisha. Mzee Hasani si mtu mbaya. Amezeeka akiona kijiji hiki kinaomba, na amechoka kuomba. Ameona mtu mwenye lori akadhani ameona mlango. Ninamwelewa. Lakini akishinda, bonde limekwenda, na mwezi wa kumi haujali nia ya mtu.

Kina mama walikwenda kwa Bi. Mwanaidi. Vijana wakaenda. Hata wale wafugaji walituma mzee wao, akaketi nje ya uzio wake na fimbo, akasema alilotumwa kwa Kiswahili cha kuvunjika, akaondoka. Wote aliwajibu neno moja: "Sijawahi kwenda mahali bila kumwambia Swalehe. Sasa nimwambie nani?"

Nami nikaenda, kama mtaalamu wa taratibu. Nikamweleza kwamba eda imekwisha, kwamba kisheria na kidini hahitaji ruhusa ya mtu yeyote ili asimame. Akaniambia, "Najua haihitajiki. Naitaka." Akaendelea: "Wewe ndiye uliyekuwa ukimwandikia. Mwandikie." Nikasema, shemeji, marehemu hajibu. Alikuwa anapeta uwele, hakuacha kupeta. "Sikukuambia uniletee majibu. Nimekuambia umwandikie."

Ndiyo maana nakuandikia.

Na sasa, Mzee wangu, naomba niseme kinachonisimamisha kila nikikaa. Jina la kwanza lililofika kwa Katibu Kata halikuwa la Hasani wala la mkeo. Lilikuwa langu. Nililipeleka mwenyewe, kwa maandishi safi, wiki ile ile aliyochukua muhuri. Ninakitaka kiti hicho. Nimekitaka kwa muda mrefu bila kujiambia. Nimesoma waraka wa uendeshaji wa vijiji mpaka ukachanika, ninajua mkutano unafunguliwaje na unafungwaje, ninajua neno la kumwambia Mkuu wa Wilaya ili asikasirike na asisahau. Miaka yote nimeandika "Mwenyekiti" na chini yake kuacha nafasi ya sahihi ya mtu mwingine. Je, ni dhambi kutaka mara moja nafasi hiyo niijaze mimi?

Lakini nimehesabu watu kwa macho, na hesabu hainipendi. Watu wa hapa wananiheshimu kama wanavyoiheshimu mvua ya mawe: wakiniona nakuja wanaingia ndani. Tukisimama mimi na Hasani, Hasani atashinda. Tukisimama watatu, wale wachache wanaopenda barua nzuri watakuja kwangu, nao wangekuwa wa mkeo, na Hasani atashinda. Akisimama mkeo na Hasani peke yao, Hasani hatashinda. Jambo hili liko wazi, na si la kulilaza popote.

Sasa angalia nilipofika. Mkeo anasubiri. Nikienda kumwambia kwamba kwa jinsi nilivyokujua usingependa, ataniamini. Hatauliza mara mbili, kwa sababu anajua ni mimi niliyejua unavyosema. Na kusema kweli nisingekuwa mwongo kamili. Nakumbuka Mama Tatu alipotaka kuingia halmashauri, ulicheka ukasema, "Akikaa huku, wajumbe watapikiwa na nani?" na yule mama akajitoa akicheka naye, lakini hakuja tena mkutanoni. Mimi nilikaa kando yako nikicheka pia. Je, ulimaanisha? Mkeo aliyasikia maneno hayo? Ulipoyapeleka nyumbani usiku huo, alikujibu nini? Sijui. Hicho ndicho kinachonitesa, kwamba nilidhani nakujua neno kwa neno, na katika jambo hili sijui.

Kumbe ningeweza hata kuandika jibu lako. Nitakuambia nilichofanya leo: nilichukua karatasi nyingine nikaanza. "Ndugu Mohamedi, barua yako nimeipokea na yaliyomo nimeyaelewa." Mkono ulikwenda wenyewe. Ninajua mahali unapoweka "ndugu" na mahali unapoweka "bwana". Ninajua ungeanza kwa hali ya hewa. Nilifika hadi mstari wa "baada ya kutafakari kwa kina" na mkono ukasimama. Nikaona nimekaa barazani kwangu nikijiandikia uchaguzi kwa sauti ya maiti. Nikaipeleka karatasi jikoni, nikaitia motoni mwenyewe. Mama Salimu alinitazama, safari hii hakuuliza.

Kwa hiyo naomba kuhitimisha.

Kwanza, kesho asubuhi nitakwenda kwa Katibu Kata nikaliondoe jina langu. Siliondoi kwa unyenyekevu. Bado ninakitaka kiti, na Jumamosi nikimsikia mwingine anaitwa nitakitaka vile vile, na pengine uso wangu utaonyesha. Ninaliondoa kwa sababu bonde haliwezi kulipia kutaka kwangu.

Pili, mkeo nitamwambia hivi: nimeandika, nimeisoma mbele ya kaburi lake, sijajibiwa. Sitaongeza neno. Sitasema ulitikisa kichwa wala sitasema upepo ulivuma hivi au vile. Nimekusemea vya kutosha ulipokuwa hai na kwa idhini yako. Ninakuahidi sitakusemea tena ukiwa umekufa, si kwake, si kwa Hasani, wala si kwa nafsi yangu.

Tatu, akiamua kusimama, mimi nitakuwa mtu wa kwanza kutamka jina lake, kwa sauti ya kusikika hadi kwenye lori. Wakicheka, wacheke. Akishinda na akitaka mwandishi, nitamwandikia kama nilivyokuandikia, isipokuwa sahihi itakuwa ya aliyetafakari.

Kwaheri, Mzee wangu. Sijui watu huagana vipi na wakubwa wao wa kazi. Sikuwahi kusoma mahali mfano wa barua ya namna hii, na nimetafuta. Mungu akulaze mahali pema, akuepushe na maswali magumu. Hapa tumebaki nayo.

Nitakuja Alhamisi baada ya alasiri, nisome, nikae kidogo, nirudi. Mkutano ni Jumamosi. Bi. Mwanaidi asimame, au asisimame? Kama unakataa, kataa kabla ya hapo.

Naomba uamuzi wako.

Ni mimi niliyekuwa mkono wako,
Mohamedi Salimu